Unalala chali na mgongo unauma: godoro la ugumu gani, na topa ya kazi gani

Mteja akiingia dukani kwangu hapa Moshi akasema, "Mama, nipe lililo gumu kuliko yote, mgongo unanimaliza," simuuzii kitu mpaka alale kwanza. Wengine wanadhani nawachelewesha. Wanaume ndio wasumbufu zaidi: kuvua viatu na kujinyoosha chali juu ya godoro, watu wa soko la Mbuyuni wakipita na kuchungulia, wanaona ni kudhalilika. Nawaambia, aisee, hili godoro utalala nalo miaka. Aibu ya dakika kumi itakutoka kabla hujafika stendi.

Habari ya kwamba gumu ndiyo dawa imekaa vichwani mwa watu, na naelewa ilikotoka. Godoro la sponji nyepesi likishabonyea, mtu anaamka kiuno kimekaza. Anahamia sakafuni kwenye mkeka, anapata nafuu, basi anautangazia ukoo mzima kwamba mgongo unataka mahali pagumu. Kilichomsaidia ni kutoka kwenye shimo. Angetoka kwenye shimo akalala kwenye godoro zima la ugumu wa kati, angepata nafuu hiyohiyo na usingizi juu yake.

Jiangalie ukiwa umelala chali. Kinachogusa chini ni kisogo, mgongo wa juu, makalio na visigino. Kiuno kimejipinda kwa ndani, hakigusi. Juu ya kitu kigumu mno kiuno kinabaki hewani, misuli inakishikilia usiku kucha. Juu ya kitu kilicholegea, makalio, ambayo ndiyo mazito, yanazama huku mabega na miguu vikibaki juu, na uti wa mgongo unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Unachotafuta kipo hapo katikati: makalio yazame kiasi, sponji ipande ikutane na kiuno.

Hili si langu peke yangu. Mteja mmoja, mwanafunzi wa udaktari hospitali ya KCMC, aliwahi kunionyesha kwenye simu yake utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet. Francisco Kovacs na wenzake walichukua watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno yasiyo na ugonjwa maalumu nyuma yake, wakawagawa: kundi moja likapewa magodoro magumu, la pili magodoro ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliolalia ya kati ndio walioendelea vizuri zaidi: maumivu wakiwa kitandani, maumivu wakati wa kuamka, na hata namna walivyoweza kufanya shughuli zao. Kwa kipimo walichotumia wao, 1 ni gumu kabisa na 10 ni laini kabisa. Magumu yalikuwa 2.3 na ya kati 5.6. Nakitaja kipimo kwa sababu wauzaji wengi wa kwenye intaneti wanakigeuza, 10 ndiyo inakuwa gumu kabisa. Ukisoma huko kwamba mtu wa kulala chali achukue 6 au 7, ujue wanasema la kati lenye kuegemea upande wa gumu. Hapa kwetu lebo haina namba yoyote, kwa hiyo mkono na mgongo wako ndivyo vipimo.

Kabla ya kununua, hakikisha mkosaji ni godoro

Dalili zinajulikana. Unaamka umekaza, ukishatembea, ukifagia uwanja na kuchemsha chai, unalegea. Ukienda kulala kwa mama kijijini, mgongo unatulia. Ukirudi kwako, shida inarudi. Hapo godoro lina kesi ya kujibu.

Toa mashuka yote. Funga kamba kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, ivutwe ikaze, ipite pale makalio yanapokaa. Chukua rula upime kutoka kwenye kamba mpaka kwenye godoro, pasipo mtu juu yake. Shimo likizidi sentimita 3 au 4, godoro limekwisha, na hakuna topa, yaani kigodoro chembamba cha kulaza juu yake, itakayolifufua.

Halafu inua godoro uangalie chaga. Hapa ndipo ninapojikosesha mauzo mwenyewe, maana wateja kadhaa wameondoka dukani kwangu bila kununua wakaenda kwa fundi seremala. Chaga za paina nyembamba zinapinda. Moja ikivunjika, watu wanasogeza zilizobaki ili pengo ligawanyike, na godoro linaanza kuingia kwenye mianya. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi upana wa vidole vinne, sentimita 7 au 8 hivi. Kitanda cha 5 kwa 6 au 6 kwa 6 kiwe na mbao ya katikati yenye mguu unaogusa sakafu. Nimeona mguu huo ukining'inia juu ya sakafu, mwenye kitanda hana habari, mume na mke wanakutana katikati kila usiku na wanalaumu kiwanda.

Kuna majaribio mawili ya bure. Ukihisi kitanda ni laini mno, shusha godoro sakafuni ulale hivyo usiku kadhaa. Mgongo ukipata nafuu, shida ni chaga. Usiponafuika na bado unazama, shida ni sponji yenyewe. Ukihisi ni gumu mno, kunja blanketi zito mara mbili, ulitandike chini ya shuka kuanzia mabegani mpaka magotini. Nafuu ikija, basi huna haja ya godoro jipya, topa inakutosha. Godoro ukilishusha sakafuni, asubuhi lisimamishe ukutani lipate hewa, maana sakafu ya saruji inavuta unyevu na msimu wa masika linaota ukungu chini.

Kulala dukani

Hivi karibuni alikuja mzee mmoja wa Kibosho na binti yake. Mzee alifanya kazi kiwanda cha sukari cha TPC, kwenye miwa, mpaka akastaafu. Mrefu, mwembamba, mkono mmoja kiunoni muda wote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Huyu mtoto anataka kunitia gharama. Mwonyeshe lile gumu tuondoke."

Nikamwomba alale. Akalala kwenye gumu alilolitaka, koti mwilini. Nikamwambia binti apitishe kiganja chini ya kiuno cha baba yake. Kiganja kikapita. Nikamwambia akunje ngumi. Ngumi nayo ikapita, na nafasi ikabaki. Tukamhamishia kwenye la springi lenye mto juu, yaani tabaka nene laini lililoshonewa juu ya godoro, lile ambalo kila anayeingia dukani analibonyeza na kutabasamu. Pale kiganja hakikuingia mpaka kulazimisha, na ukimtazama kwa ubavuni makalio yalikuwa chini kuliko mbavu. La tatu lilikuwa la sponji, inchi 8, ugumu wa kati. Kiganja kikaingia kikiwa bapa, kwa kusukuma kidogo, kikigusa mgongo kwa juu na godoro kwa chini.

"Hapo," mzee akasema kabla hatujamuuliza, akafumba macho. Binti akaenda kutafuta ndizi sokoni. Aliporudi alikuta baba anakoroma.

Basi fanya hivyo. Nenda na mtu wa kukupima, kwa sababu ukipitisha mkono mwenyewe unajipinda na kipimo kinaharibika. Nenda jioni, mgongo ukiwa umechoka na kazi, na uvae nguo nyepesi; mshipi na pochi ya mfuko wa nyuma viache mezani. Lala na mto wa unene uliouzoea. Lala dakika kumi, si mbili. Dakika mbili za mwanzo kila laini ni tamu. Kisha jigeuze ubavuni: ukihitaji kukusanya nguvu ili ugeuke, godoro ni laini mno kwako, hata kama kiganja kimekubali. Muuzaji akikataa usilale, au akitaka ujaribu juu ya nailoni ngumu inayokwaruza bila kuifungua hata upande, nenda duka la jirani. Magodoro hayajaadimika, Arusha yenyewe kuna kiwanda cha Tanfoam, na yale ya Dodoma yamejaa kila mji.

Uzito wako unabadilisha jibu. Mtu wa kilo 50 na kitu haliminyi godoro la kati vya kutosha, kwake linakuwa gumu. Achukue lenye kulegea zaidi kidogo. Wa kilo 60 mpaka 90, la kati kama nilivyoeleza. Aliyevuka hapo achukue gumu zaidi na nene zaidi, inchi 8 kwenda juu, la sivyo makalio yatafika kwenye chaga. Inchi 4 ni za mgeni na za bweni. Mtu mzima mwenye mgongo asiziguse. Na mume akiwa kilo 100 mke 55, nunua la kumfaa mzito, kisha mwepesi awekewe topa upande wake. Fundi anaikata nusu ya kitanda. Katikati kutakuwa na ngazi ndogo. Mtazoea, au mtakuwa na sababu ya kila mtu kukaa kwake.

Densiti siyo ugumu

Hili nalirudia kila siku. Densiti ni uzito wa sponji, yaani kilo ngapi zimo katika mita moja ya ujazo. Ugumu ni namna inavyokukatalia unapoibonyeza. Sponji ya densiti kubwa inaweza kuwa laini, na ya densiti ndogo inaweza kutengenezwa ngumu ikakudanganya dukani, halafu ikabonyea mapema. Muuzaji akisema "hili ni hevi duti", muulize anazungumzia lipi kati ya hayo mawili. Kwa mgongo unaouma vyote viwili vina maana: ugumu ndio unaokufaa leo, densiti ndiyo inayofanya ukufae na mwaka kesho kutwa.

Lebo usiposadiki, dai mizani. Godoro la futi 5 kwa 6 la inchi 6 lina ujazo wa mita 0.42 hivi. Likiwa la densiti 25, litakuwa na kilo 10 na nusu, na kitambaa kinaongeza kidogo. Likipima kilo 7, densiti yake haifiki hata 17, hata kama limeandikwa nini kwa herufi nyekundu. La inchi 8 la ukubwa huohuo lina ujazo wa mita 0.57, kwa densiti 25 litegemee kilo 14. Pima na unene kwa tepu, maana kuna inchi 6 za lebo na inchi 6 za kweli. Mimi kwa mtu mzima anayelala juu yake kila siku sishuki chini ya 25. Nikikosa, namwambia asubiri mzigo.

Topa

Topa ni kile kigodoro chembamba kinacholazwa juu ya godoro. Kazi yake inayoifanya vizuri ni moja: kulainisha godoro zima ambalo ni gumu kupita kiasi. Godoro likiwa na shimo, topa inafuata shimo. Godoro likiwa laini mno, topa ngumu inasaidia kidogo tu, na hela hiyo ungeiongeza kwenye godoro jipya.

Kwa anayelala chali, inchi 2 zinatosha. Inchi 3 ni za mwepesi wa mwili au anayelala nusu chali nusu ubavu. Inchi 4 zinakurudisha kwenye kuzama, na wapo walionunua inchi 4 kwa hoja kwamba nyingi ndiyo nzuri, wakarudi kuniuliza kwa nini kiuno kimeanza upya.

Ya memori fomu, sponji inayobonyea kufuata umbo la mwili, inasifiwa sana. Ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost katika kazi za NASA za kuboresha viti vya ndege, na tabia yake ni kulegea kwa joto na kukaza kwa baridi. Hii tabia huku kwetu inabidi uifikirie. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai chumba kinaganda: ukipanda kitandani topa ni ngumu, unakaa juu yake muda mpaka joto la mwili liiyeyushe, na sehemu uliyolala ikishalegea lakini pembeni bado imekaza, kugeuka ni kazi. Mwenye maumivu ataamka kila akitaka kugeuka. Sisi wa Moshi tuko chini ya mita 1,000, na Februari shida ni ya upande wa pili: inalegea upesi, unazama zaidi ya ulivyozama dukani, na joto linakurudia mwilini. Kwa hiyo mtu wa Arusha aichague iliyo laini kidogo, wa Moshi aichague nzito na asizidi inchi 2. Lateksi, yaani sponji ya mpira, haijali sana baridi wala joto na inakusukuma urudi juu, kwa hiyo kugeuka ni rahisi. Ubaya wake ni bei na uzito, na si duka kila moja linayo.

Njia ya gharama nafuu ni kwa mafundi masofa. Wana mashiti ya sponji, wanakukatia inchi 2 kwa kipimo cha kitanda chako. Usichukue ile ngumu ya kukalia. Waombe yenye densiti kubwa lakini laini: ukibonyeza kwa kidole gumba inaingia bila ubishi, na ukiachia inarudi upesi. Ile ya vipande vya rangi rangi vilivyogandishwa pamoja ni ngumu, iache kwa ajili ya mabenchi. Kisha fundi cherehani akushonee mfuko wa pamba wenye zipu, na lastiki pana kwenye pembe nne ili topa isitembee. Topa isiyofungwa inahama, na asubuhi unaikuta nusu ukutani nusu kwenye godoro.

Mito miwili, na namna ya kuamka

Hata godoro likiwa sawa, weka mto chini ya magoti. Magoti yakiinuka kidogo, kiuno kinajilaza chenyewe. Kanga mbili zilizoviringishwa zinafanya kazi hiyohiyo. Mto wa kichwa uwe wa wastani. Mito miwili ya sufi iliyopandana inakikunja kidevu kifuani na shingo inaanza kudai zamu yake. Kuamka, usijikunje ukanyanyuka moja kwa moja. Geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

Mwili na godoro jipya vinazoeana kwa wiki kadhaa, na sponji nayo inalegea kidogo mwanzoni, kwa hiyo usilihukumu kwa usiku wa kwanza. Zungusha godoro kichwani-miguuni kila baada ya miezi mitatu mpaka sita. Kuligeuza juu-chini ni kwa lile lenye pande mbili zinazofanana. Lenye mto juu haligeuzwi.

Lakini mimi nauza magodoro, sipimi migongo. Maumivu yanayokuamsha usiku na hayatulii hata ukibadili mkao, yenye homa, jasho la usiku au kukonda, hayo ni ya hospitali: Mawenzi au KCMC ukiwa huku, Mount Meru ukiwa Arusha. Kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye uti wa mgongo, na brusela inayopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa nayo inauma kiuno na viungo, na kwa sisi wafugaji wa kaskazini si ugonjwa wa kusimuliwa. Mguu ukipoteza nguvu, ganzi ikishika kati ya mapaja, au mkojo na choo vikakataa kutoka au vikatoka vyenyewe, nenda saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Na kijana anayeamka amekaza zaidi ya nusu saa kila siku, miezi na miezi, akaonane na daktari kabla hajaonana na mimi.

Jambo la mwisho ni nailoni. Godoro likifika nyumbani, itoe. Najua inabakizwa ili lionekane jipya, au kwa sababu ya mtoto anayekojoa. Lakini inazuia hewa, inakutoa jasho, inateleza chini ya shuka na sponji haipandi ikakifikia kiuno jinsi ilivyopanda dukani ulipolijaribu. Kwa ajili ya mtoto nunua kava lisilopitisha maji lenye kitambaa juu, au mlaze kwenye godoro lake.